Mafundi AC na watu wa manunuzi serikalini: R22 mtaiandika kwenye zabuni mpaka lini?

Fundi Baridi (mleta mada):

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya AC na mafriji. Nilianza kwa kubeba boksi la vifaa nyuma ya mzee mmoja pale Kariakoo, leo nina vijana wanne na geji zangu mwenyewe. Sijaja kujisifu, nina dukuduku.

Wiki iliyopita nimepakua nyaraka za zabuni ya taasisi moja ya serikali. Sitaitaja, msinifuate inboksi. Kazi ni kuleta na kufunga AC za ukutani ishirini na sita. Nikashuka mpaka kwenye maelezo ya kiufundi, nikakuta: BTU 18,000 (nguvu ya kupoza), umeme volti 220 hadi 240, gesi R22. Nikasogeza simu karibu na macho. R22 kweli.

Kwa wasiojua, R22 ni ile gesi ya kupozea, ya mtungi wa kijani mpauko, kilo 13.6, ambayo ukikaa kwenye kibanda cha fundi yeyote lazima uujue. Ina klorini ndani yake. Ikivuja inapanda taratibu mpaka kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali, huko juu mionzi mikali ya jua inaivunja, klorini inabaki huru na kuanza kutafuna ozoni. Chembe moja ya klorini inaweza kumaliza chembe za ozoni zinazofika laki moja kabla haijatulia. Ndiyo maana dunia ilikaa Montreal, Kanada, tarehe 16 Septemba 1987 ikakubaliana kuziondoa gesi za namna hii. Sisi Tanzania tuliridhia 1993. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, kanuni za kudhibiti hizi kemikali zikatoka 2007. Na kwa nchi kama yetu ukoo wa R22 ulipangiwa ngazi za kushuka: 2013 kugandisha, 2015 kupunguza asilimia 10, 2020 asilimia 35, 2025 asilimia 67.5. Ikifika 2030 kinachobaki ni makombo ya kuhudumia mashine kuukuu.

Sasa nielewesheni. Serikali ndiyo iliyosaini, ndiyo inayotoa vibali vya kuingiza gesi. Halafu jengo lingine la serikali hiyohiyo linaniambia nikaitafute R22, tena kwa mashine MPYA. Mashine ikifungwa leo itadai gesi hiyo miaka kumi na tano ijayo. Nitaitoa wapi?

---

Kijana wa Mbezi:

Hii chai, tena haina sukari. Ozoni ni mambo ya wazungu. Tundu lenyewe liko Antaktika wanakoishi pengwini. Sisi jua letu ni lilelile tangu Adamu.

---

Mwalimu wa Fizikia:

@Kijana wa Mbezi umepata nusu, nusu nyingine umeiacha njiani.

Ni kweli tundu liko kusini kabisa. Waingereza waliokuwa kituo cha utafiti cha Halley kule Antaktika waliliandika 1985, baada ya kuona ozoni ya majira ya kuchipua kule (kuanzia Septemba) inapungua mwaka hadi mwaka. Liko kule kwa sababu ya baridi: juu ya Antaktika yanatokea mawingu ya barafu, na juu ya vipande hivyo vya barafu klorini inaamka na kufanya kazi yake haraka. Huku Ikweta upungufu ulikuwa mdogo sana. Anayekuambia kiyoyozi cha Dodoma kimekuongezea jua la Dodoma, mkatalie.

Ila gesi haikai ilipomwagwa. Hewa ya tropiki ndiyo inayopanda juu na kusafiri kwenda kwenye ncha za dunia, kwa hiyo ya Dodoma, ya Mumbai na ya Texas zote zinaishia kule. Na mpango huu umefanya kazi: wanasayansi wanakadiria sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya 1980 kufikia karibu 2040, Antaktika karibu 2066. Nchi zote zimesaini, 197 na Umoja wa Ulaya. Nitajie mkataba mwingine wa mazingira uliofika hapo.

Tena kilo moja ya R22 hewani inatia joto dunia sawa na tani 1.8 hivi za hewa ya ukaa. Kwa hiyo hata ukiwachukia pengwini bado una hasara.

---

Mtu wa Kitengo:

Nimepita kimya nikashindwa kuendelea kukaa kimya. Mimi ni afisa ununuzi. Mafundi mnatulaumu sana bila kujua karatasi zinatoka wapi.

Maelezo ya kiufundi siandiki mimi. Yanaletwa na idara tumizi, yaani idara itakayotumia hicho kifaa. Idara tumizi nayo haina fundi wa baridi, ina ofisa utawala. Ofisa utawala anafungua kompyuta, anatafuta zabuni ya mwisho ya AC, anabadilisha idadi na tarehe, ananiletea. Ile ya mwisho ilitolewa kwenye ya kabla yake. Ukifuatilia ukoo wake unaweza kukuta babu yake aliandikwa 2006, wakati R22 ilikuwa kitu cha kawaida na hakuna aliyeuliza.

Mimi nikiifuta kwa kalamu yangu, kesho nitaulizwa na mkaguzi: wewe nani umebadilisha mahitaji ya mtumiaji? Na mzabuni aliyekuwa na mashine za R22 stoo atakata rufaa. Sijitetei, naeleza tu jinsi kitu kinavyoishi. Sheria inabadilika Dodoma, karatasi haina habari.

---

Fundi Baridi:

@Mtu wa Kitengo heshima yako mkuu. "Karatasi haina habari" nimeicheka kisha nikasikitika.

Sasa ngoja niwape ya pili, na hii inanihusu mimi mwenyewe kwa hiyo sitamtupia mtu jiwe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mkataba wa matengenezo kwenye ofisi moja ya umma, jengo la ghorofa tatu. Jedwali la bei lilikuwa na mistari minne: kusafisha mashine, kubadilisha kapasita, kubadilisha kompresa, na kujaza gesi kwa kilo. Basi.

Ghorofa ya pili kulikuwa na mashine moja, chumba cha mhasibu, ambayo niliijaza mara tano ndani ya miaka miwili. Mara tano! Ilikuwa inavuja kwenye nati ya bomba dogo pale mashine ya nje. Povu la sabuni linaonyesha kabisa, puu, puu. Kukata kipande cha bomba, kupanua mdomo upya, kukaza, kupima kwa naitrojeni na kuvuta vakyumu ni kazi ya asubuhi moja. Niliandika kwenye ripoti. Jibu: "Hilo halimo kwenye BOQ", yaani lile jedwali la kazi na bei. Kuziba hakulipwi. Kujaza kunalipwa, na kunalipwa vizuri.

Nikajaza. Nina watoto wanasoma.

Kwa hiyo wakuu, wanapotuita kwenye semina na kutuambia fundi usimwage gesi, mimi huinamisha kichwa, ila moyoni najua mkataba wenyewe ulikuwa unanilipa ili ivuje.

---

Mbongo Norfolk:

Wakuu salaam kutoka Virginia. Mwaka wa kumi na nne huku, kazi yangu ni hiihii ya baridi, chini ya mkandarasi anayehudumia majengo ya serikali ya shirikisho. Huku bila cheti cha fundi cha kifungu cha 608 cha sheria yao ya hewa safi, R22 huuziwi, na kumwaga gesi hewani makusudi kumekatazwa tangu 1 Julai 1992.

Lakini hayo ni ya fundi. Kilichonifanya niandike ni hiyo "karatasi haina habari", kwa sababu Wamarekani waligonga ukuta huohuo, na wakubwa zaidi kugonga walikuwa wanajeshi.

Jeshi lao linaandika kila kitu. Redio, rada, kombora, kila kimoja kina kitabu cha namna ya kukitengeneza, na vitabu vingi viliagiza bodi za elektroniki zioshwe kwa CFC-113, kemikali nyingine inayokula ozoni, baada ya kulehemu. Kiwanda kinachotaka kuuza jeshini lazima kioshe hivyo hata kama mhandisi wake amegundua njia nyingine nzuri zaidi. Na kwa kuwa ni shida kuwa na laini mbili za uzalishaji, mara nyingi hata mali ya kiraia ikaoshwa kwa dawa hiyohiyo. Yaani mstari mmoja kwenye kitabu cha jeshi ulikuwa unamwaga kemikali kwenye viwanda ambavyo jeshi halijawahi hata kuvitembelea.

Bunge lao likaingilia hapo hapo kwenye karatasi. Sheria ya kuidhinisha matumizi ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1993, kifungu cha 326: mkataba wa ulinzi utakaotolewa baada ya 1 Juni 1993 usiwe na maelezo yanayolazimisha kemikali za kundi la kwanza (zile kali zaidi kwa ozoni: CFC, haloni ya kuzimia moto na wenzao), mpaka afisa wa juu wa manunuzi athibitishe kwamba hakuna mbadala unaofaa. Oneni ujanja uliomo. Hawakumwambia mtu "acha kutumia." Walisema ukitaka kuendelea, mkubwa wako aweke sahihi yake. Nani anataka kupeleka karatasi ya kuoshea bodi kwa jenerali?

Kabla tarehe hiyo haijafika, 21 Aprili 1993, Rais Clinton akasaini Amri ya Rais namba 12843 kwa idara zote za shirikisho: punguzeni kununua kemikali hizi, na mpitie mikataba na maelezo ya kiufundi yanayozitaka myarekebishe. Mwaka 2000 ikaja nyingine, 13148, ikazipa idara mpaka mwisho wa 2010 kuacha kununua za kundi la kwanza.

Na mbadala ulipatikana. Kampuni ya Hughes Aircraft ilikuja na flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike wakati wa kulehemu) iliyotokana na limau, unasuuza kwa maji tu. Limau, wakuu. Kumbe kombora unalitengeneza na kitu cha kukamulia samaki.

---

Kijana wa Mbezi:

Na chombo cha anga cha Columbia je? Si kilisambaratika 2003 kwa sababu NASA walibadilisha povu la kufunika tangi la mafuta ili kuokoa ozoni? Ndiyo faida ya kufuata mikumbo.

---

Mbongo Norfolk:

Hiyo stori huku nayo imezunguka sana. Kipande cha povu kilichodondoka na kupiga bawa kilitoka kwenye sehemu iliyopuliziwa povu la zamani, BX-250, la CFC-11. NASA walikuwa wamepewa ruhusa maalumu ya kuendelea nalo. Povu jipya halikuhusika na kipande hicho.

---

Mzima Moto wa Kisauni:

Ndugu zangu, huku Mombasa mimi kazi yangu ni mitungi ya kuzimia moto, sasa naona mwazungumza AC peke yake.

Mimi nilikuta haloni. Ofisi moja ya umma, chumba cha kompyuta, mitungi imefungwa ukutani tangu enzi za kompyuta za ukubwa wa kabati. Nyaya zake zimekatwa zamani, hakuna anayejua ni ya nini, lakini geji yasoma imejaa. Na pembeni kibuyu kidogo cha mkono, rangi kijani. Vijana wa leo hawajui, lakini mtungi wa kijani kwa ule mtindo wa kale wa Kiingereza ni haloni. Mkubwa wa pale ataka tuufungue nje "utoke upepo" tupate kuuza chuma. Nikamwambia bwana, huo upepo usiutoe!

Hesabu yenyewe ni hii. R22 uwezo wake wa kula ozoni wapewa 0.055. Haloni 1301 wapewa 10. Ni kama mara 180. Ndani yake mna bromini, na bromini kwa ozoni ni mbaya kuliko klorini mara nyingi. Basi mtungi mmoja uliosahauliwa nyuma ya mlango washinda AC za jengo zima.

---

Mbongo Norfolk:

@Mzima Moto wa Kisauni umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Huku haloni iliacha kutengenezwa 1 Januari 1994, lakini vifaru, meli na ndege bado vinaihitaji kwa sababu moto wa humo unazimwa ndani ya kufumba na kufumbua, na watu wamo ndani. Wakafanya akiba, iko Richmond hapa hapa Virginia chini ya wakala wa ugavi wa jeshi. Mitungi inayong'olewa kwenye majengo inarudishwa kule, gesi inasafishwa, inakaa kusubiri wenye dharura ya kweli. Hata ndege za abiria bado zinabeba haloni kwenye injini na sehemu ya mizigo. Kwa hiyo mtungi ule ni mali.

---

Fundi Baridi:

Hapo hapo @Mbongo Norfolk! Umenifungua kitu.

Sisi tunachofanya na AC kuukuu za serikali mnakijua? Zinapelekwa mnadani kama mali chakavu. Anayenunua ni mtu wa vyuma chakavu, hana haja na AC, anataka kopa na kompresa. Akifika uani anachukua koleo, anakata bomba. Psssss. Dakika mbili. Nimeshasimama nikaangalia mashine thelathini zikikatwa hivyo, mchana kweupe, kwenye ua wa ofisi, na mlinzi anahesabu mashine zilizotoka getini ili zilingane na karatasi.

Kila moja ina kama kilo moja ya R22. Kilo thelathini, ni mitungi miwili na zaidi! Halafu mwezi unaofuata ofisi ileile inatoa hela ya serikali kununua mtungi wa R22 kujazia mashine zilizobaki, na gesi inazidi kuwa ghali kwa sababu hizo asilimia 67.5.

Mashine ya kunyonyea gesi ipo mjini, ninayo mimi. Nyonya kabla ya mnada, chuja, weka kwenye mtungi maalumu, jazia zilizobaki mpaka nazo zizeeke. Richmond yetu ndogo. Huhitaji kununua R22 tena hata kilo moja.

---

Mtu wa Kitengo:

Hii naweza kuifanyia kazi. Kwa sababu masharti ya mnada NAANDIKA MIMI. "Vifaa vitakabidhiwa kwa mnunuzi baada ya gesi kuondolewa na fundi aliyeteuliwa na taasisi." Sentensi moja. Hakuna wa kukata rufaa hapo.

Na kwenye mkataba wa matengenezo, nisaidie lugha ya kiufundi. Mimi nimewaza hivi: (a) uwepo mstari wa kutafuta na kuziba uvujaji, kwa kila mashine, (b) gesi hailipwi bila namba ya mashine na maelezo ilivujia wapi, (c) mashine ikijazwa mara ya pili ndani ya mwaka, ya pili ni juu ya mkandarasi.

---

Fundi Baridi:

(c) itanifilisi hahaha. Lakini ni sawa. Ongeza neno "baada ya kuzibwa", maana kuna mashine bomba limepita ndani ya ukuta, hilo fundi haliwezi bila kuvunja.

Na kwenye kununua usiandike tu "isiwe R22". Watakuletea R410A, ambayo ozoni haina habari nayo kabisa ila kwa joto la dunia ni mbaya kuliko R22: kilo moja ni sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa, ya R22 ni 1,810. Na hiyo familia nayo ilishawekewa ngazi zake za kushuka kwenye mkutano wa Kigali, Oktoba 2016. Utakuwa umehama nyumba inayovuja ukaingia nyumba yenye notisi. Andika R32, ambayo ni 675, au R290 (propani, inawaka) kama watu wako wamefundishwa.

---

Muuguzi wa Zamu:

Samahani kuingilia. Kituoni tuna friji ya chanjo ya sola, imeandikwa R600a na ina kialama cha moto. Fundi wa mtaani alikuja akasema anaweza kuiongezea gesi ya mtungi wa bluu. Nimkubalie?

---

Fundi Baridi:

Dada yangu, USIMKUBALIE. Mtungi wa bluu ni R134a, na hiyo friji yako haiijui. R600a haigusi ozoni ila inawaka kama gesi ya jikoni, na inatiwa kwa gramu, mtu anapima kwa mizani ya duka la dhahabu. Piga simu kwa mratibu wa chanjo wa wilaya alete fundi wa friji za chanjo.

Tena tahadhari na gesi za magendo. 2011 kompresa za makontena ya baridi yaliyotiwa gesi kule Vietnam zililipuka zikaua watu, kumbe gesi iliyotiwa ilikuwa bandia, imechanganywa na kemikali inayogombana na alumini. Rangi na stika ya mtungi peke yake hazitoshi.

---

Kijana wa Mbezi:

Sawa wazee nimekaa darasani. Swali la mwisho. AC ya kwangu sebuleni ni R22, ya 2014. Haijawahi kujazwa gesi. Niitupe?

---

Fundi Baridi:

Miaka yote hiyo haijajazwa? Aliyeifunga ni nani, nimpe kazi. Usiitupe. Isafishe chujio, iache hapo hapo. Na siku ukihama usimruhusu fundi rangi aing'oe ukutani na nyundo, nitafute nije na mashine ya kunyonya.

---

Mtu wa Kitengo:

@Fundi Baridi ile zabuni ya AC ishirini na sita, muda wa kuomba ufafanuzi bado haujafungwa, si ndiyo? Usiishie humu jukwaani. Andika swali kwenye mfumo, rasmi, uliza kwa nini R22 na utaje kanuni za kudhibiti hizi kemikali. Swali la mzabuni lazima lijibiwe kwa maandishi, na jibu linaenda kwa wazabuni wote. Idara tumizi itabidi ifungue lile faili la 2006 iangalie.

---

Fundi Baridi:

Inafungwa Alhamisi saa kumi. Naandika sasa hivi.